Mwanangu kazaliwa Muscat, baba yake Mkenya, mimi wa Mtambwe: uraia wangu anaupata?

Mama wa Mtambwe

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naandika nikiwa Wete, Pemba, na nakuombeni anayejua kwa yakini anijibu. Wenye kukisia nimeshawasikiliza wengi, na kila mmoja ananipeleka njia yake.

Nnaye binti wa pekee. Kazaliwa Muscat, Novemba 2008. Mimi nilikwenda Oman mwaka 2005, nikashona kwenye duka la mabaibui pale Ruwi, nikaolewa huko huko na mwanamme wa Mombasa aliyekuwa dereva. Baba yangu na mama yangu wote wa Mtambwe, mimi nimezaliwa Mtambwe mwaka 1984 mikononi mwa mkunga, na sijapata kushika paspoti yoyote isipokuwa ya Tanzania. Baba yake mtoto ni Mkenya. Tuliachana kwa wema 2018, yeye akarudi kwao, mimi nikarudi Wete 2019 na mtoto ana miaka kumi.

Alipozaliwa, baba yake ndiye aliyeshughulikia karatasi zote, akamtolea paspoti ya Kenya. Wakati ule sikuona tatizo. Sote tulikuwa wageni kwenye nchi ya watu, na ukaazi wa mtoto ulifungwa kwenye kazi ya baba yake. Nilichojua ni kwamba mtoto anataka paspoti ili asafiri. Ya nchi gani, sikuuliza.

Sasa yuko kidato cha nne. Kiarabu kimeshamtoka, ukimsikia anavyozungumza utasema hajawahi kuvuka bahari. Lakini kuna mambo mawili yamenikosesha usingizi.

La kwanza ni la mwaka jana. Baada ya Idi tulikwenda Mombasa kumzuru bibi yake mzaa baba. Kurudi, pale mpakani Horohoro, mimi nikapanga foleni ya raia, yeye akaelekezwa foleni ya wageni. Nilikuwa namuona kwa ubavuni, ameikumbatia paspoti yake kifuani. Akaulizwa anakuja kufanya nini na atakaa siku ngapi. Akajibu, "Nakwenda kwetu." Yule afisa akamwambia, tena kwa upole, wala hakumfokea, "Kwenu si ndiko unakotoka, binti?" Tangu Horohoro mpaka Tanga mjini hakunena neno.

La pili ni la wiki iliyopita. Skuli wamewapa fomu wajaze taarifa zao. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, ameijaza yote kwa peni ya buluu: jina, tarehe ya kuzaliwa, shehia, jina la mzazi. Alipofika pahala palipoandikwa "Uraia" ameweka kidoto cha penseli tu. Akaninyanyulia macho: "Mama, hapa niandike nini?" Mimi mamake sikuwa na la kumjibu.

Kaka yangu anasema mtoto hufuata baba, basi. Jirani yangu anasema itabidi aombe uraia kama mgeni yeyote, alipe mamilioni na asubiri miaka. Na kuna mtu mmoja, simtaji, kanambia niache kujitesa. Nimpe laki nne, atanitafutia cheti cha kuonesha kwamba mtoto kazaliwa Wete, mambo yaishe. Sikufichini, neno hilo nimelala nalo siku tatu. Sijampa kitu, lakini sijamkatalia pia.

Novemba hii anatimia miaka 18. Nimesikia kwamba baada ya hapo mlango unafungwa. Ni kweli? Na mimi mama, mwanamke, nnaweza kumpa mwanangu uraia wangu au siwezi?

Kijana wa Darajani

Waalaykum salaam dada. Nijuavyo mimi uraia ni kama ukoo, unakwenda kwa baba. Mtoto wa Mkenya ni Mkenya. Muombee kibali asome, na akija kuolewa na mtu wa hapa ataomba kupitia kwa mume. Usijitie gharama za bure.

Ami wa Konde

Waalaykum salaam warahmatullah, mdogo wangu. Soma polepole, kisha umsomee na binti.

Mwanao ni Mtanzania. Sisemi atakuwa, nasema ni Mtanzania, tangu saa aliyozaliwa Muscat. Sheria ya Uraia ni Sheria Namba 6 ya mwaka 1995. Kifungu cha 6 kinasema aliyezaliwa nje ya Jamhuri ya Muungano ni raia wa kurithi kuanzia tarehe ya kuzaliwa kwake, iwapo siku hiyo baba yake au mama yake alikuwa raia, na uraia wa huyo mzazi wenyewe uwe si wa kurithi. Litazame hilo neno "au". Wewe umezaliwa Mtambwe 1984, kwa wazazi wa Mtambwe. Wewe ni raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo unacho cha kumrithisha, na umeshamrithisha.

Kijana wa Darajani hakuzua. Sheria ya zamani, ile ya 1961, kwa mtoto aliyezaliwa nje ilimtazama baba peke yake, na wazee wetu wengi wamebaki na hiyo vichwani. Ya 1995 ikaifuta. Tena sisi watu wa visiwani tunachanganya na nasaba. Nasaba ni ya baba, hilo ni la dini na halina mjadala. Uraia ni la dola na lina sheria yake. Imepita zaidi ya miaka 30 na bado dada zetu wanaambiwa dirishani na barazani kwamba wao hawana cha kuwapa watoto wao. Hili linaniuma kwa sababu dada yangu mwenyewe aliambiwa hivyo, akaamini, akaacha.

Sasa huyo mtu wa laki nne. Nakuomba kwa jina la Mungu, mkatalie leo, usingoje kesho. Paspoti ya Kenya ya mwanao imeandikwa kazaliwa Muscat. Kule Oman yumo kwenye daftari la vizazi. Skuli aliyosoma kule inamjua. Mihuri ya Horohoro imo kurasani. Siku yoyote mtu akiziweka karatasi hizo pamoja, cheti cha Wete kitaonekana ni cha uongo, na kutoa maelezo ya uongo kwenye mambo ya uraia ni kosa la jinai. Haki anayo mkononi, wewe unataka kumfanya mwizi wa mali yake mwenyewe. Kuzaliwa Muscat si aibu na hakumpunguzii kitu mbele ya kifungu cha 6.

La miaka 18 ni kweli, na ndilo la kukushughulisha. Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Oman usiiwaze, kule kuzaliwa kwenye ardhi yao hakumpi mtoto wa mgeni uraia. Tatizo ni Kenya. Katiba yao ya 2010 inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtoto wa Mkenya popote alipozaliwa, kwa hiyo binti ni Mkenya pia, hata hiyo paspoti ukiichana. Kenya haitomwambia achague, kwa sababu wao wanaruhusu uraia pacha. Sisi ndio tunaomwambia achague. Kifungu cha 7 kinataka raia wetu mwenye uraia wa nchi nyengine, akishatimia miaka 18, aukane huo wa nje, ale kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano, na kwa vile yeye ni wa kurithi, asajili na tamko lake kuhusu makaazi. Asipofanya, uraia wetu unamtoka. Hatoletewa barua wala hatopigiwa simu.

Ndio nakwambia usingoje Novemba. Nenda sasa angali mtoto, ukiwa wewe ndiye mzazi unayemuombea, atambuliwe Uhamiaji kuwa ni raia wa kurithi na atolewe paspoti ya Tanzania. Ikifika siku ya kuchagua, awe anachagua mtu ambaye faili lake lipo na linajulikana. Akenda kuanza akiwa na miaka 19 mkononi ana paspoti ya Kenya tu, kazi itakuwa nyengine kabisa.

Na usiruke ngazi. Najua Pemba kila mtu atakwambia uanze na kitambulisho cha Mzanzibari. Hapana. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, yamo kwenye orodha ya Katiba ya 1977. Uzanzibari una sheria yake ya 1985, na huyo Mzanzibari lazima awe Mtanzania kwanza. Anza Uhamiaji. Kitambulisho atakifuata akishafika miaka 18.

Mimi niliwarudisha wanangu wawili 2016, wote wamezaliwa Muscat, mama yao wa Micheweni. Nakwambia nilivyopita. Cheti cha Oman ni cha Kiarabu, kikafasiriwa Kiingereza na mfasiri anayetambuliwa kule. Kikapigwa muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Oman, kisha muhuri wa ubalozi wetu Muscat. Huo wa ubalozi mimi niliusahau, nikafika na vyeti Pemba bila ya muhuri huo, nikarudishwa. Vyeti vikasafiri tena mpaka Muscat kwenye mkoba wa shemeji yangu, vikakaa wiki sita. Pamoja na hivyo nilitakiwa vyeti vya kuzaliwa vya sisi wazazi, paspoti zetu, vitambulisho vyetu na barua ya sheha. Siku hizi paspoti ni ya kielektroniki, tangu 2018, ada shilingi 150,000. Hiyo laki nne ya yule bwana ungetoa paspoti mbili na nauli ya boti juu yake.

Mama wa Mtambwe

Ami, Mungu akulipe kheri. Nimesoma mara tatu. Nilipofika pale pa "au" nililia.

Nimetoa bahasha yangu uvunguni nikatandika kila kitu kitandani, na sasa nnaona mashaka mengine. Cheti changu cha Wete nilikipata kwa kuchelewa, mwaka 2004, nilipokuwa natafuta paspoti ya kwendea Oman. Kimeandikwa kwa mkono na jina langu linaanza kwa H. Cheti cha mtoto cha Muscat kimeniandika kwa Kh, kwa sababu kwa Kiarabu ndivyo lilivyo, na mfasiri akalifuata. Tena kwetu nna majina matatu, kule wameniongeza la nne, la kabila, alilolitaja mume wangu hospitali. Ukizitia karatasi mbili pamoja, utasema ni wanawake wawili. Nitathibitisha vipi kwamba mama wa kwenye cheti hicho ni mimi?

Na jengine. Binti nimeshamsomea. La kukana Kenya limemuingia vibaya. Ananambia, "Mama, baba ataona nimemkana yeye." Sikujua nimjibu nini.

Bi wa Chachani

Mwanangu, mimi nimestaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa ofisini nikiandikisha vizazi na vifo, na hilo la H na Kh nimekutana nalo zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Kila aliyezaa Uarabuni anarudi na jina lililofura.

Kwanza usiguse cheti chako cha Wete. Watu hukimbilia kubadilisha cheti cha nyumbani kifanane na cha Oman, na hapo ndipo wanapoharibu. Cheti cha Wete ndio mzizi wako, ndicho kinachosema umezaliwa hapa, na uraia wa binti unaning'inia hapo. Cha kufanya ni hati ya kiapo, uiape mbele ya wakili au hakimu, useme kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, uyaandike yote kama yalivyo, herufi kwa herufi, pamoja na hilo la kabila. Usiyasawazishe.

Kiapo peke yake ni neno lako. Kitafutie shahidi, na shahidi bora ni paspoti yako ya zamani, ile uliyokwendea Oman. Jina la ndani ni la Wete, kwa H. Ndani yake imo viza ya ukaazi wa Oman, na nambari ya ukaazi ule ndiyo iliyotumika kukuandikisha kule. Itazame na kwenye karatasi zako za hospitali za Muscat kama unazo. Majina yakigombana, nambari inasuluhisha. Nawaambia akina mama kila siku, paspoti iliyokwisha muda msitupe, na wapo wanaowapa watoto wachezee.

Cheti cha mkono cha 2004 kipeleke Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ofisi iko hapo hapo Wete, waangalie kama kumbukumbu yake imo daftarini na wakupe kipya. Nilipokuwa kazini nimeona vyeti vya kweli kabisa ambavyo ukurasa wake wa daftari umeliwa na mchwa au umelowa mvua. Bora ulijue hilo leo ukiwa na wakati, kuliko ulisikie kwenye dirisha la Uhamiaji mwezi wa Oktoba. Kama haimo, utahitaji watu wazima wanaojua kuzaliwa kwako. Mkunga yu hai?

Na la binti. Mwambie bibi yake wa Chachani anasema hivi: kukana uraia ni fomu ya serikali, mtu anarudisha haki za nchi ile. Mzazi hakaniki kwa fomu. Cheti chake cha kuzaliwa hakiguswi, jina la baba litabaki pale pale, ubini wake utakuwa ule ule kwenye paspoti ya Tanzania. Urithi wake kwa baba unakwenda kwa sharia yetu, na sharia haiulizi paspoti. Na kukana kwenyewe kwa sheria ya Kenya anakufanya mtu mzima kwa mkono wake. Hata wewe mama huwezi kumfanyia. Kwa hiyo mpe nafasi alifikirie kama lake.

Mwana wa Micheweni, Leicester

Samahanini, mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Kiswahili changu ni cha mama, kikiwa na makosa mnisamehe.

Nimezaliwa Uingereza mwaka 1999. Mama alikuwa wa Micheweni, raia wa Tanzania mpaka anafariki. Nilikuwa na haki ile ile ya binti huyu na sikuijua. Nilitimia miaka 18 mwaka 2017, siku hiyo nilikuwa na mtihani, mama alinipikia biriani, tukala tukalala. Hakuna aliyetwambia kwamba kuna kitu nimeanza kukipoteza. Nimekuja kukijua kifungu cha 7 nikiwa na miaka 24.

Mama alifariki akiwa likizo nyumbani. Nikapanda ndege ya kwanza niliyoipata. Uwanja wa ndege wa Unguja nikasimama foleni ya viza, nikalipa dola 50, nikaulizwa madhumuni ya safari. Nikasema mazishi. Nikaulizwa, "Ya nani?" Nilifika Micheweni wameshazika, wasingeweza kungoja. Sisemi ile foleni ndiyo iliyonichelewesha, ndege ndiyo iliyonichelewesha. Lakini mpaka leo nikikumbuka siku ile nakumbuka ile foleni.

Sasa wameleta hadhi maalumu kwa sisi wenye asili ya Tanzania tulio na uraia wa nje. Nafurahi nayo na nitaiomba. Lakini si uraia. Sitopiga kura nayo.

Kuna jambo Ami wa Konde amelipitia haraka, na kwa binti ni kubwa. Mzazi anayerithisha ni yule ambaye uraia wake si wa kurithi. Binti huyu, dada yangu mdogo, akishika uraia wake vizuri, akaja kuolewa, akazaa nje kama alivyozaa mama yake, mtoto huyo hatorithi kwake. Ataupata kwa baba, kama baba ni raia wa kuzaliwa au wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba akapewa. Kama baba naye ni wa kurithi au ni mgeni, mtoto hana. Uraia wa kurithi unavuka bahari mara moja tu. Akizaa Pemba, mtoto wake ni raia wa kuzaliwa na hesabu inaanza upya. Mwambieni mapema. Mimi ningependa kuambiwa.

Kijana wa Darajani

Nimesoma yote. Dada, nisamehe, nilisema kwa kujiamini kitu nilichokisikia barazani. Nna shangazi yangu Dubai ana watoto watatu na ndivyo nilivyomwambia yeye pia, mwaka juzi. Mkubwa wao ana miaka 16. Namtumia maelezo haya usiku huu huu.

Mama wa Mtambwe

Nimerudi. Samahanini kwa kuchelewa, kulikuwa na mengi.

Yule wa laki nne nimemwambia hapana. Alikuja mpaka mlangoni, nikamjibu nimesimama kizingitini, sikumkaribisha ndani.

Bi wa Chachani, nilikwenda Wakala, wamefunua daftari, ukurasa wangu upo. Mama, ulinitia hofu ya mchwa, sikulala. Yule binti wa ofisini alinigeuzia daftari nikajiona mwenyewe: jina langu kwa H, la baba, la mama, Mtambwe, na chini jina la mkunga kwa mwandiko wa kulalia. Mkunga ameshafariki, Mungu amrehemu, lakini mwanawe wa kike yupo na anakumbuka alibeba taa usiku ule. Amekubali kuwa shahidi nikihitaji. Cheti kipya nimeambiwa nikifuate wiki ijayo. Paspoti ya zamani nimeiona, ilikuwa kwenye sanduku la mashine ya cherehani, na viza ya Oman imo, nambari inasomeka.

Mwana wa Micheweni, binti yangu amesoma maneno yako mwenyewe, kwa macho yake, sikumsomea. Akafunga simu akaenda uani, akakaa na kuku mpaka magharibi. Usiku akampigia baba yake. Mimi nilitoka nje nisisikie, lakini nyumba zetu mnazijua, dirisha ni pazia. Alimueleza yote, hata la kukana. Baba yake alinyamaza muda, kisha nikasikia binti anasema, "Hapana baba, wewe ni baba." Baadaye akaniita niongee naye. Bwana yule, tuliachana lakini sina baya la kumsemea, kanambia cheti cha asili cha Muscat kiko kwake, mimi nilichonacho ni fotokopi, wala sikujua. Amesema hatokituma kwa basi, atakuja nacho mwenyewe mpaka Tanga Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, tukutane hapo na binti amuone.

Fomu ya skuli imeshakwenda. Pale pa Uraia ameandika mwenyewe. Barua ya sheha nimeshaiomba, ananijua tangu mdogo, kaniuliza tu tarehe ya kurudi kwangu.

Limebaki moja, Ami wa Konde. Cheti nikishakipata Tanga lazima kirudi Muscat kupigwa ile mihuri miwili, na mimi sina nauli ya Muscat. Shoga yangu tuliyeshona pamoja bado yuko Ruwi. Anaweza kunipelekea wizarani na ubalozini kwa niaba yangu, au lazima niwe mwenyewe?

Ami wa Konde

Vyangu alivipeleka shemeji, mimi nikiwa Konde. Aliulizwa kitambulisho chake na fotokopi ya paspoti yangu, na nilimuandikia barua ya kumtuma nikaitia saini. Fanya hivyo hivyo, na mwambie shoga yako aupigie simu ubalozi kabla hajatoka nyumbani, ajue siku wanazopokea vyeti. Aanze wizarani, ubalozi uwe wa mwisho. Na kabla cheti hakijapanda ndege, kipige picha pande zote mbili.

Ukikipata Tanga siku hiyo ya Jumamosi, Jumapili nitafute. Mwanangu wa kiume anarudi Muscat wiki inayofuata kazini kwake, atakibeba kwenye mkoba wa mkononi na atamkabidhi shoga yako pale Ruwi. Nimeshamwambia.